Lewiston, Maine: Asilimia za rangi za mji mdogo wa Marekani na Wazigua waliofichwa ndani yake

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani kumekuwa na mtindo wa watu kurushiana asilimia za "Weupe" na "Weusi" wa miji ya Marekani kama wanasoma msimamo wa ligi. Mji fulani Weupe 96, mwingine Weusi 40, basi hukumu imeshatoka. Mimi nina hoja moja tu: asilimia hizo ni majibu ya swali lililotungwa ofisini. Ukibadilisha swali, mji unabadilika bila mtu hata mmoja kufungasha mizigo. Na mji ukiwa mdogo, ndivyo swali linavyozidi kuupinda.

Nitatumia mji mmoja, Lewiston, jimbo la Maine, kule kaskazini mashariki kabisa mpakani na Kanada. Wengi mlilisikia jina hilo Oktoba 2023 kwa yale mauaji ya watu 18. Leo si habari hiyo.

Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu 35,690 Lewiston. Weupe walikuwa asilimia 95 na ushee, Weusi kama asilimia 1. Miaka kumi baadaye watu ni 36,592, Weupe wameshuka hadi 86.6, Weusi wamepanda hadi 8.7. Ukiishia hapo unapata hadithi nyepesi: mji wa Wazungu watupu, ghafla ukavamiwa na wageni. Hadithi hiyo imekosea pande zote mbili. Wale 95 hawakuwahi kuwa kitu kimoja, na hawa 8.7 nao si kitu kimoja.

Tuanze na Weupe, maana hao ndio hakuna anayehangaika kuwauliza walikotoka.

Lewiston imekaa kwenye maporomoko ya mto Androscoggin. Katikati ya karne ya 19 matajiri wa Boston, akiwemo Benjamin Bates, walitia fedha kwenye viwanda vya pamba vinavyoendeshwa kwa nguvu za maji. Mifereji ilichimbwa kwa jasho la Waairishi. Kisha viwanda vikahitaji mikono zaidi, na mikono ikatoka Quebec: wakulima Wakatoliki wanaoongea Kifaransa, familia zenye watoto wengi na ardhi iliyochoka. Reli iliyounganisha Lewiston na njia ya kwenda Kanada ilifika mwaka 1874, na baada ya hapo walishuka stesheni ukoo kwa ukoo. Walijazana kwenye majengo ya mbao ya ghorofa kando ya mto, mtaa ulioitwa Petit Canada. Kufikia 1880 walikuwa na gazeti lao la Kifaransa, Le Messager. Walikuwa na parokia zao, shule zao na vyama vyao vya kuzikana.

Je, wenyeji Waprotestanti waliwaona ni "Weupe wenzetu"? Wapi! Mwaka 1919 Maine ilipitisha sheria ya kufundisha kwa Kiingereza tu katika shule za umma, na ikadumu hadi miaka ya 1960. Mtoto akikamatwa anabwabwaja Kifaransa uwanjani, adhabu. (Mliosoma zile shule za kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili, hapa hamhitaji maelezo.) Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kikundi cha Wazungu wabaguzi wanaojifunika mashuka meupe, ilikuwa na nguvu kubwa Maine. Jimbo lenyewe lilikuwa na Weusi wa kuhesabika, sasa Klan walikuwa wanamwinda nani? Wakatoliki. Wafaransa wa viwandani. Watu ambao kwenye karatasi ya sensa walikuwa kisanduku kimoja na hao waliovaa mashuka.

Sasa chukua sensa yoyote ya miaka hiyo: Lewiston, Weupe karibu wote. Ugomvi mkubwa kuliko yote katika historia ya mji huo ulifanyika ndani ya safu moja ya jedwali, na jedwali halikusema kitu.

Kionjo kwa wapenda ngumi: Mei 25, 1965, Muhammad Ali alimpiga Sonny Liston raundi ya kwanza hapo hapo Lewiston, kwenye ukumbi wa mchezo wa magongo ya barafuni. Tiketi zilizouzwa hazikufika 2,500. Mwislamu Mweusi anatetea ubingwa wa dunia katikati ya mji wa Wakatoliki Wafaransa. Miaka thelathini na sita baadaye Waislamu Weusi walirudi, safari hii kupanga nyumba.

Nikipata nafasi naendelea na upande wa pili.

---

Hesabu_Kali

Mkuu, umeandika vizuri ila umechanganya mambo mawili. Rangi ni kitu kimoja, asili ya taifa ni kingine. Sensa ya Marekani haikusema Wafaransa na Waingereza ni kabila moja, imesema ni Weupe, basi. Na mtu anajijazia mwenyewe. Hakuna karani anayekukagua ngozi. Sasa kosa la swali liko wapi?

---

KalamuNyeusi

Mkuu Hesabu, umeuliza penyewe.

Kujijazia mwenyewe ni jambo la juzi tu. Hadi katikati ya karne ya 20 karani alikutazama na kuandika alichokiona. Sensa ya kwanza, 1790, ilikuwa na Weupe huru, watu wengine huru, na watumwa. Ile ya 1890 iliwaagiza makarani wapambanue nani ana damu nyeusi nusu, nani robo, nani sehemu moja ya nane, kwa kumtazama mlangoni! Mwaka 1930 "Mmeksiko" aliwekwa kuwa rangi. Kufikia 1940 alikuwa ameshaondolewa. Wameksiko walikuwa wale wale, wakihama kisanduku bila kuhama nyumba.

Utaratibu uliotumika 2000, 2010 na 2020 una maswali mawili. La kwanza: wewe ni mwenye asili ya Kilatino, ndiyo au hapana? La pili: rangi yako ni ipi? Ndiyo maana ukisoma takwimu za mji wowote wa kule unakutana na ile sentensi inayochanganya watu, kwamba Walatino "wanaweza kuwa wa rangi yoyote". Asilimia za rangi zinajumlishwa hadi 100, halafu Walatino wanatajwa pembeni. Ukiwajumlisha na wengine unapata mji wa watu asilimia 115.

Halafu angalia mipaka yenyewe. Kwa kanuni ya 1997, Mweupe ni mwenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Mweusi ni mwenye asili katika makundi ya watu weusi wa Afrika. Kwa hiyo Mmisri, Mmoroko na Myemeni wanahesabiwa pamoja na Mswidi, na Msomali anahesabiwa pamoja na mtu ambaye mababu zake walifika Virginia kwa minyororo karne ya 17. Mwenye duka Myemeni na mteja wake Msomali wanaoswali safu moja Ijumaa wanatengana kwenye fomu.

Dini ndiyo haimo kabisa, sheria ya 1976 inazuia kumlazimisha mtu kuitaja. Mfano wa raha ni Postville, jimbo la Iowa, mji wa watu elfu mbili na kidogo. Mwaka 1987 Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi kutoka Brooklyn walinunua machinjio ya mji huo. Wakaja na familia, makanzu meusi, ndevu, sinagogi, wakakaa katikati ya wakulima Walutheri wenye asili ya Ujerumani na Norway. Mji uligeuka kichwa chini miguu juu. Kwenye safu ya rangi hakuna kilichotokea: Weupe wameongezeka. Kilichoonekana kwenye takwimu ni Waguatemala na Wameksiko waliokuja kuchinja na kufungasha nyama. Na hao nao, Mei 2008, maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda na kukamata watu 389 kwa siku moja. Ukikumbuka kwamba mji wote ni elfu mbili na kidogo, unaona hesabu yoyote ya Postville ilikuwa ya kweli hadi asubuhi ya siku hiyo.

---

Mjukuu_wa_Pwani

Naweka kambi hapa. Kichwa cha uzi kimetaja Wazigua, mpaka sasa nasubiri Wazigua naona Wayahudi.

---

KalamuNyeusi

Haya, Mjukuu, tuko njiani.

Februari 2001 familia za kwanza za Kisomali zilifika Lewiston. Hawakutoka Somalia moja kwa moja. Walishawekwa miji mingine, wengi pembezoni mwa Atlanta, Georgia, wakaona maisha ya kule hayafai kulelea watoto, wakatuma wazee wao wazunguke nchi kutafuta mahali. Portland, mji mkubwa wa Maine, nyumba zilikuwa zimejaa. Lewiston zilikuwa tupu. Mji uliokuwa na watu 41,779 mwaka 1970 ulikuwa umepungua, viwanda vimekufa kimoja kimoja, na kile kikongwe cha Bates, kilichosifika kwa mashuka ya vitanda, kilifunga mwaka huo huo wa 2001. Kodi chini, uhalifu mdogo, shule zina nafasi. Taarifa zikasambaa kwa simu, na katika mwaka mmoja na nusu zaidi ya watu elfu moja wakawa wameingia.

Oktoba 2002 meya aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya ndugu zao kuja, kwa maelezo kwamba mji umeelemewa. Barua ikawa habari ya nchi nzima. Januari 11, 2003, kikundi cha wabaguzi wa rangi kikaitisha mkutano Lewiston. Walitokea kama thelathini. Siku hiyo hiyo upande wa pili wa mji, chuoni Bates, walikusanyika kama elfu nne kuwapinga. Ugomvi haukuishia hapo: mwaka 2006 mtu alirusha kichwa cha nguruwe msikitini watu wakiwa wanaswali.

Sasa, wote hao waliandikwa "Weusi". Lakini katikati ya miaka ya 2000 lilianza kuingia kundi la pili kutoka Somalia hiyo hiyo, na majirani wao Wasomali walijua tangu wanashuka kwenye basi kwamba hawa si wenzao. Wamarekani ndio hawakujua. Hawa ni Wabantu wa mto Juba.

---

MamaHandeni

Wanangu, hapo ngoja niingie mimi maana hii ni habari ya kwetu.

Bibi zetu walisimulia njaa ya Kidyakingo, miaka ya 1830. Watu wa Uzigua walikosa kila kitu. Pwani kulikuwa na wenye majahazi wakiahidi chakula na kazi, wengine walipanda kwa hiari, wengine walichukuliwa kwa nguvu, wengine waliuzwa na ndugu zao ili waliobaki wale. Majahazi yakaenda kaskazini, Barawa na bandari nyingine za Benadir, pwani ya Somalia, wakajikuta watumwa wa mashambani kando ya mto Shabelle. Wenye ujasiri wakatoroka. Simulizi zinamtaja mwanamke mwenye maono, Wanakhucha, aliyewaongoza kutoroka warudi kwao kusini. Walipofika bonde la Juba walikwama, wakakata msitu, wakalima. Sehemu hiyo ikaitwa Gosha.

Ajabu ni kwamba hawakuacha lugha. Nimewasikiliza kwenye video za mtandaoni wakiimba na kusimuliana hadithi. Nasikia karibu yote. Lafudhi imepinda kidogo na kuna maneno ya Kisomali yamo, lakini ni Kizigua, tena kingine cha kizee ambacho vijana wa Handeni mjini wameshakisahau.

---

Ndugu_Mtazamaji

Mama shikamoo. Kwa heshima zote, hii si ile chai ya kila kabila kudai lina ndugu zake ughaibuni? Kuna watu humu walishasema Wahindi wekundu ni Wasukuma.

---

MamaHandeni

Marahaba mwanangu. Nenda Chogo ukaulize. Vita vya Somalia vilipoanza 1991 wengine walipanda majahazi kurudi, wakashukia Tanga. Serikali iliwaweka kambi ya Mkuyu, hapo hapo Handeni, baadaye ikawahamishia Chogo na kuwapa ardhi ya kulima. Wakapewa uraia, kundi kwa kundi. Mtu aliyetoka miaka mia na sitini akarudi akakuta shangazi zake. Chai gani yenye cheti cha uraia?

---

KalamuNyeusi

Mama, umenimalizia kazi. Naongeza kipande cha Marekani.

Ambao hawakupata majahazi walitembea hadi Kenya, wakaishia kambi za Dadaab. Hata kambini walikaa pembeni, na walikuwa wa kwanza kuvamiwa majambazi wakija usiku. Mashirika yalizunguka kuwatafutia nchi, yakagonga Tanzania na Msumbiji kwa sababu huko ndiko asili yao, haikuwezekana kwa wote. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea kama kundi. Wakahamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma, mwisho mwingine wa Kenya, wafanyiwe usaili, na kuanzia 2003 takriban 12,000 wakasambazwa miji mingi ya Marekani. Baadhi wakahama tena wenyewe wakakusanyana Lewiston.

Ndugu Mtazamaji, kama bado una shaka: mwanaanthropolojia wa Maine, Catherine Besteman, aliishi kijiji cha Banta bondeni Juba mwaka 1987 na 1988, kabla ya vita. Karibu miaka ishirini baadaye akakuta watu wa kijiji kile kile wanaishi Lewiston, mwendo wa saa moja na kitu kutoka chuo alichokuwa akifundisha.

Na sasa tazama majina. Wao kwa wao walikuwa Wazigua, au watu wa kijiji fulani, au wajukuu wa Wayao, Wamakua na Wanyasa waliokwisha kupoteza lugha na kuongea Kimaay, lugha ya kusini mwa Somalia. Wasomali wa kuhamahama waliwaita jareer, wenye nywele za kipilipili, na hawakuoa kwao. Jina "Wabantu Wasomali" lilienea miaka ya 1990 kupitia mashirika ya misaada yaliyohitaji neno la kuandika kwenye fomu. Walipovuka bahari, fomu nyingine ikawafanya "Weusi". Mtu mmoja, vitambulisho vitatu, na hakuna hata kimoja alichokitunga mwenyewe.

Kwa hiyo ile 8.7 ya mwaka 2010 ina Msomali wa Mogadishu ambaye baba yake alikuwa na watumishi, na Mzigua ambaye baba yake alikuwa mmoja wa watumishi hao. Wanakutana kwenye mtaa wa Lisbon, kwenye duka lile lile la nyama ya halali. Ukikaa na takwimu za Ofisi ya Sensa mwezi mzima huoni kwamba hawa wana deni la karne mbili baina yao. Mbaya zaidi, jiji lilipotafuta "mwakilishi wa jamii ya Kisomali" lilimpata wa upande mmoja, likadhani limewasikia wote. Ndipo Wabantu wakaanzisha vyama vyao wenyewe.

---

Hesabu_Kali

Nakubali kwamba kisanduku ni kikubwa mno. Lakini serikali haiwezi kuwa na kisanduku cha kila ukoo. Na kuna ule utafiti wa kila mwaka wa sampuli, unauliza nasaba na lugha ya nyumbani. Si uutumie huo?

---

KalamuNyeusi

Unatumika, mkuu, na ni mzuri. Swali la nasaba ndilo linalotuonyesha kwamba Lewiston imejaa Wafaransa hadi leo. Ila hata hapo kuna kituko: "Mfaransa" na "Mfaransa wa Kanada" ni mistari miwili tofauti. Mtu na dada yake, wajukuu wa fundi yule yule wa kiwandani, mmoja anaandika hivi na mwingine vile, na hesabu ya Wafaransa wa Kanada inapungua bila msiba.

Tatizo kubwa ni udogo wa mji. Utafiti ule unachukua sampuli. Mji wenye watu chini ya 65,000 haupewi takwimu za mwaka mmoja, unapewa wastani wa miaka mitano, na pembeni kuna kiwango cha makosa ambacho hakuna anayekisoma. Ukikuta imeandikwa kundi fulani lina watu 120, kuongeza au kupunguza 110, maana yake ni kwamba wanaweza kuwa kumi, wanaweza kuwa 230. Mtu ananyofoa ile 120 na kuja nayo humu kugombana.

Sensa yenyewe inayohesabu kila kichwa nayo ina mambo yake. Mwaka 2020, ili mtu asiweze kutambuliwa kwa kuunganisha majedwali, Ofisi ya Sensa ilichanganya makusudi makosa madogo ya kihesabu kwenye namba za miji, mitaa na vitongoji. Jumla ya jimbo ni halisi, ukishuka chini inatikiswa. Kwa mji wa watu 37,121, ambao ndio Lewiston ya 2020, mtikisiko huo hausumbui. Lakini kuna kijiji Nebraska kinaitwa Monowi, mwaka 2010 kilikuwa na mkazi mmoja: bibi mmoja, ndiye meya, ndiye mkutubi, ndiye anayeuza bia. Sensa ya 2020 ikatangaza Monowi ina watu wawili. Bibi akashangaa, maana huyo wa pili hajawahi kumwona.

---

Mjukuu_wa_Pwani

😂😂 Monowi idadi imepanda kwa asilimia mia moja, wawekezaji changamkeni.

Swali la kweli sasa: niliwahi kusoma mji mdogo wa vijijini Marekani una Weusi wengi ajabu, na ni eneo la wakulima Wazungu watupu. Hao wanatoka wapi?

---

KalamuNyeusi

Angalia kama una gereza. Sensa inamhesabu mfungwa pale anapolala, na gereza si nyumba yake, hana kura kwenye majimbo karibu yote, wala hajawahi kukanyaga mtaa wa mji huo. Mji unapata "Weusi asilimia 20" walio nyuma ya seng'enge.

Anamosa, jimbo la Iowa, watu elfu tano na ushee, ndiyo kisa maarufu. Kata mojawapo ya baraza la mji ilikuwa na watu kama 1,400 kwenye karatasi, na zaidi ya 1,300 kati yao walikuwa wafungwa. Mwaka 2005 hakuna aliyejitokeza kugombea kata hiyo. Jamaa mmoja akashinda udiwani kwa kura mbili zilizoandikwa kwa mkono. Kura mbili! Kata nyingine mtu anahangaika kutafuta mamia. Mji ukaja kufuta utaratibu wa kuchagua kwa kata. Majimbo kadhaa siku hizi yanawarudisha wafungwa kwenye anwani za nyumbani wakati wa kuchora mipaka ya uchaguzi, lakini asilimia za rangi unazozisoma kwenye kurasa za miji hazirudishwi.

Vyuo vikuu vinafanya hivyo hivyo, ila kwa ustaarabu zaidi.

---

Ndugu_Mtazamaji

Si bora sisi basi? Tanzania hatuulizi kabila, kila mtu Mtanzania, mambo yamekwisha.

---

Hesabu_Kali

Tuliuliza mara ya mwisho 1967. Tangu hapo hatuulizi, na ile ya 2022 imetuhesabu 61,741,120 bila kabila. Nakubaliana na uamuzi wa kisiasa. Lakini kitaalamu maana yake ni kwamba mtu akisema kabila fulani lina watu milioni kadhaa leo, amekisia. Majirani zetu Kenya wanauliza, na kila zikitoka zile hesabu ni kelele za nani amepanda na nani ameshuka. Tena pale kabila linaweza kuzaliwa kwa tamko: Wamakonde walihesabiwa kabila la 43 mwaka 2017 baada ya kuandamana kwa miguu hadi Ikulu kudai uraia, na mwaka huo huo Wahindi wakatangazwa la 44.

---

MamaHandeni

Kutouliza nako kuna wanaoumia. Hao wa Chogo wakishaandikwa Watanzania, nani atajua kwamba kijiji kile kinahitaji mwalimu anayejua walikotoka? Mimi sidai sensa ya kabila. Nasema tu msisifie upofu.

---

KalamuNyeusi

Mama, hapo sina la kubishana. Ndiyo sababu siungi mkono wanaosema takwimu za rangi zifutwe kabisa. Marekani zinatumika mahakamani kuthibitisha kwamba mipaka ya kata imechorwa kuwanyima watu kura, na zinatumika kujua shule ipi ina watoto wasiosoma lugha ya darasani. Lewiston isingejua inahitaji wakalimani wangapi. Ninachopinga ni kuzisoma kana kwamba ni picha ya damu.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui. Kati ya 2010 na 2020 Wamarekani waliohesabiwa kuwa na rangi zaidi ya moja waliruka kutoka milioni 9 hadi milioni 33.8. Magazeti yakaandika kwamba nchi imechanganyika na Weupe wanapotea. Sehemu ya ukweli imo, watoto mchanganyiko wapo. Lakini 2020 fomu iliongeza mstari wa kuandika asili chini ya Mweupe na Mweusi, na kompyuta zikasoma maandishi hayo kwa kina kuliko zamani. Mtu aliyeweka alama kwenye Mweupe na kuandika pembeni jina la nchi ya Amerika Kusini au Afrika akapangwa upya kwenye rangi mbili. Miji midogo mingi "ilichanganyika" kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukilinganisha Lewiston ya 2010 na ya 2020, kwanza ondoa mabadiliko ya fomu ndipo uongelee mabadiliko ya watu.

Watu wenyewe wanaendelea kubadilika, hilo sibishi. Baada ya Wasomali wamekuja Wakongo, Waangola, Wadjibuti. Kiswahili unakisikia Lewiston. Na Wakongo wameleta kitu ambacho hakuna mpangaji wa mji aliyekitarajia: Kifaransa. Wazee walioadhibiwa utotoni kwa kukiongea, waliokaa miaka hawana wa kuongea naye, wamepata wenzao wa mazungumzo kutoka Kinshasa. Jedwali la rangi linawaweka safu mbili za mbali, mmoja Mweupe, mwingine Mweusi. Jedwali la lugha ya nyumbani linawaweka mstari mmoja.

Kisiasa nako: 2019 Safiya Khalid, aliyezaliwa Somalia, alichaguliwa diwani wa Lewiston akiwa na miaka 23, kwenye mji ambao Weupe bado ni wengi mno. Na timu ya soka ya sekondari ya Lewiston ilichukua ubingwa wa jimbo 2015 ikiwa na vijana wa kambi za Dadaab na Kakuma. Hiyo timu ukiitazama wanavyokimbia huwezi kujua nani Mbantu nani Msomali, lakini waulize wenyewe.

---

Mjukuu_wa_Pwani

Swali la mwisho nikalale. Sensa yao ijayo 2030. Mzigua wa Lewiston ataandika nini?

---

KalamuNyeusi

Machi 2024 serikali yao ilitoa kanuni mpya. Yale maswali mawili yanakuwa moja, Walatino wanaingia kwenye orodha ile ile na wengine, na watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wanapata kisanduku chao, wanatoka kwa Weupe. Makundi yanakuwa saba, na unaruhusiwa kuweka alama zaidi ya moja. Chini ya Mweusi kuna mifano imechapwa ya kukusaidia kujitambua: Mmarekani Mweusi, Mjamaika, Mhaiti, Mnaijeria, Mwethiopia, Msomali. Kanuni ikibaki hivyo bila kuguswa, Mzigua atakuta "Msomali" limechapwa tayari na kisanduku kiko wazi pembeni yake. Akitaka jingine itabidi ashike kalamu aandike kwenye mstari wa wazi.

---

MamaHandeni

Nina namba ya mmoja wao kule, mjukuu wa ukoo wetu. Kesho namtumia ujumbe wa sauti, namwambia aandike.

---

Hesabu_Kali

Mama, mwambie aandike kwa herufi kubwa. Ile kompyuta ikishindwa kuusoma mwandiko inamrudisha Weusi wa jumla.